Usiku wa Kwanza

Siku nzima ndani ya Minecraft, mchana na usiku wake, ni dakika 20, na mwanga kamili wa jua haudumu zaidi ya dakika 10 hivi. Mchezaji mpya anatupwa nyikani bila shoka, bila maelezo, bila kujua aanzie wapi. Anaupiga mti kwa ngumi mpaka gogo linadondoka. Gogo moja linatoa mbao 4, mbao 2 zinatoa fimbo 4, mbao 4 zinakuwa meza ya fundi, na juu ya meza hiyo mbao 3 na fimbo 2 zinageuka sururu. Kwa sururu anachimba jiwe, na kwa jiwe anatengeneza sururu iliyo bora zaidi. Akibahatika kukuta makaa ya mawe, anapata mwenge. Jua likizama awe ameshajichimbia shimo kilimani na kuuziba mlango kwa udongo, la sivyo mazombi watamkuta nje. Waliocheza gemu hii miaka nenda rudi, wakajenga makasri na reli, bado huutaja usiku ule wa kwanza kwa mapenzi ya pekee. Mapenzi hayo na malalamiko yote yanayozifuata gemu za kunusurika na kujiundia vifaa, nadhani, yanapikwa chungu kimoja. Wachezaji wanapenda uhitaji, na wanachukizwa na kazi inayobaki baada ya uhitaji kuondoka. Kwa hiyo historia ya gemu hizi naisoma kama historia ya watengenezaji wanaohangaika kuurefusha usiku wa kwanza.

Njaa iliingia kwenye kompyuta mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Katika Rogue, gemu ya herufi tupu iliyobuniwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kuelekea mwaka 1980, mhusika anayeshuka mashimoni lazima ale. Asipokula analegea, anazirai, anakufa. Njaa ile ilifanya kazi ya saa. Aliyetaka kuketi pembeni akingoja majeraha yapone alijikuta anamaliza akiba ya chakula, na ikambidi aendelee kushuka. Miaka 12 baadaye, mwaka 1992, Sami Maaranen wa Ufini alitoa UnReal World, gemu iliyowekwa katika Ufini ya enzi za chuma, na hapo njaa ikapata majira, misitu na mikono ya fundi. Ngozi ya mnyama haigeuki vazi kwa kubofya mara moja. Inachunwa, inasafishwa, inalainishwa kwa mafuta au maganda ya mti, inasuuzwa, kisha ndipo inamaliziwa. Nyama inakaushwa au kufukizwa moshi isije ikaoza, na mchezaji akifa ndiyo basi, hakuna kurudishwa nyuma. Kama kazi ya polepole ingekuwa ndiyo inayowachosha wachezaji, gemu hii isingefika hata mwaka wake wa pili. Imeendelezwa kwa zaidi ya miaka 30. Kila ngozi inayolainishwa pale ina baridi kali nyuma yake, na mchezaji anajua kwamba asipoimaliza kabla theluji haijaanguka, mwili wake ndio utakaolipa.

Minecraft yenyewe haikuanza na njaa. Markus Persson, Mswidi aliyekuwa ameanzisha Wurm Online pamoja na Rolf Jansson, alitoa toleo la kwanza hadharani Mei 2009, akiwa amevutiwa na Infiniminer ya Zachary Barth, gemu ya kuchimba na kujenga kwa matofali ya mraba. Mwanzoni ulikuwa uwanja wa kupanga matofali tu. Maadui walianza kujaribiwa miezi michache baadaye, na njaa ilichelewa hadi Septemba 2011. Kabla ya hapo, aliyejeruhiwa alikula na uhai wake ukarudi papo hapo. Baada ya hapo tumbo likapata kipimo chake, safu ya mapaja 10 ya nyama chini ya skrini, yanayopungua kadiri unavyokimbia, kuruka na kuchimba. Wapo waliolalamika, na malalamiko yao yanastahili kutazamwa kwa makini. Siku ya kwanza, paja la mwisho likianza kutetemeka, mchezaji anamkimbiza nguruwe kwa moyo unaodunda. Siku ya ishirini ana shamba la ngano kando ya maji na kasha limejaa mikate. Anabonyeza, anakula, anaendelea na shughuli zake. Tendo ni lile lile. Kwanza liliokoa maisha, sasa ni usumbufu wa kukatiza kazi. Hakuna aliyebadilisha kanuni hapo katikati. Mchezaji mwenyewe, kwa juhudi zake, ameufuta uhitaji uliokipa kipimo kile maana, na kipimo kimebaki kikidai ushuru.

Atatokea wa kuuliza: mbona watu wengi hucheza Minecraft katika hali ya ubunifu, ambako hakuna njaa wala kifo na kila tofali ni la bure? Je, hao hawathibitishi kwamba uhitaji ni kero tu, tangu mwanzo hadi mwisho? Pingamizi lina uzito, na jibu langu ni kwamba gemu moja imebeba mapenzi mawili. Anayejenga katika hali ya ubunifu anapenda umbo, kama mchoraji, na hatuna sababu ya kumdai njaa. Lakini angalia jinsi wajenzi wanavyotangaza kazi zao. Kasri likiwa limejengwa katika hali ya kunusurika, mwenyewe hakosi kulisema hilo, mara nyingi kabla hata hajasema ni kasri la nini. Picha mbili zinaweza kufanana tofali kwa tofali na bado watazamaji wakaipa moja heshima zaidi, kwa sababu kila jiwe lake lilichimbwa na mtu aliyeweza kuangukia kwenye lava na kupoteza kila alichobeba.

Mwaka 2012 uhitaji ulipata chanzo kipya: binadamu mwenzio. Dean Hall, aliyekuwa mwanajeshi wa New Zealand na kuonja njaa katika mafunzo ya msituni huko Brunei, aliipachika DayZ juu ya gemu ya kivita ya Arma 2, na kufikia Agosti mwaka huo watu milioni moja walikuwa wameijaribu. Mazombi walikuwepo, lakini hofu yenyewe ilikuwa mtu mwingine mwenye bunduki anayetokea nyuma ya ghala, naye ana njaa kama wewe, na wewe una kopo la maharage. Hakuna kanuni iliyowaamuru mpigane au mgawane. Kopo lile la maharage likawa nembo ya gemu nzima, na ni haki yake, kwani lilikuwa na thamani ambayo mamia ya panga za dhahabu katika gemu nyingine hazikuwahi kuifikia. Rust, iliyoanza kuuzwa Desemba 2013, iliongeza ujenzi juu ya hofu hiyo. Unaamka ukiwa uchi, mkononi una jiwe na mwenge. Unakata miti, unajenga kibanda, unaweka mlango, unaweka kufuli. Ukitoka kwenye gemu mwili wako unabaki pale umelala, na nyumba yako inabaki wazi kwa yeyote mwenye baruti.

Hapo ndipo lilipozaliwa lalamiko chungu kuliko yote katika aina hii ya gemu: kuvamiwa ukiwa haupo. Mtu anatumia wikiendi nzima kujenga, Jumatatu anakwenda kazini, jioni anarudi kukuta kuta zimelipuliwa na makasha matupu. Watetezi wa Rust husema kwamba bila hatari hiyo kufuli lisingekuwa na maana, nami nakubaliana nao nusu. Hatari inayokukuta ukiwa macho ni uhitaji: unaweza kukimbia, kujificha, kubembeleza, kupigana. Hatari inayokukuta umelala nyumbani kwako, umbali wa maelfu ya kilomita kutoka kwenye seva, haikudai ujuzi wowote. Imekunyang'anya kazi bila kukupa nafasi ya kuifanya kazi hiyo ikutetee. Wachezaji wanaochukia jambo hili husutwa kwamba ni walaini, na shutuma hizo si za haki. Wengi wao ndio wale wale waliovumilia kifo cha DayZ kisicho na marejeo.

Mwaka huo huo wa 2013, mwezi Machi, duka la Steam lilikuwa limefungua mlango wa kuuza gemu zisizokamilika, na jambo hilo liliziunda gemu za kunusurika kuliko uamuzi wowote wa kisanii. Minecraft ilikuwa imeonyesha njia, maana iliuzwa tangu Juni 2009, miaka miwili na zaidi kabla ya kutangazwa rasmi Novemba 2011. Aina hii ya gemu inafaa mno kwa biashara hiyo, kwani saa za kwanza ndizo tamu na ndizo rahisi kuzitengeneza: msitu, shoka, moto, usiku. Mwisho unaweza kungoja. ARK: Survival Evolved ilitoka hivyo Juni 2015, ikiwa na dinosaria wa kufuga, na Septemba 2016, ikiwa bado haijakamilika, ikaanza kuuza nyongeza ya kulipia. Hasira za wanunuzi zilikuwa kubwa, na zilikuwa za haki. Lakini yapo mengine ya kujifunza kwa ARK. Kumfuga mnyama mkubwa kulimaanisha kumpiga mishale ya usingizi, kisha kumlinda na kumlisha akiwa amezirai kwa saa kadhaa za saa ya ukutani. Watengenezaji waliweka vipimo vya kuharakisha ufugaji na uvunaji, na wenye seva binafsi wakavikimbilia, wengine wakizidisha mara kumi na zaidi. Nauona ushahidi huo kuwa bora kuliko maoni yoyote yaliyoandikwa. Watu waliopenda sana kufuga dinosaria walipopewa ufunguo wa saa, waliigeuza saa. Hatari ya kukutana na mnyama waliiacha ilivyo. Waliondoa kungoja, kwa kuwa kungoja kulikuwa kumewekwa badala ya uhitaji uliokwisha.

Yapo pia malalamiko madogo yenye ukweli wao. Kupanga makasha ni mojawapo: mawe huku, mbao kule, mbegu aina ishirini, na mchezaji anajikuta karani wa ghala lake mwenyewe. Husemwa kwamba mtu anayefanya kazi kutwa hapaswi kurudi nyumbani kwenye kibarua cha pili kisicho na mshahara. Maneno hayo yana huruma, ila hayaelezi kwa nini watu hao hao, baada ya kutwa nzima ya kazi, huchagua kukata miti. Kibarua kinachomchosha mtu ni kile ambacho matokeo yake huchukuliwa na mwingine au hayaonekani. Mwenye kupasua mbao 6 na kuziona zikiwa mlango unaozuia mazombi ameona jasho lake likifanya kazi mbele ya macho yake, jambo ambalo ajira nyingi hazimpi.

Gemu zilizolielewa hili zimeacha kuurefusha uhitaji ule ule na badala yake zikaubadilisha sura. Subnautica, iliyokamilika Januari 2018, inamwangusha mchezaji katika bahari ya sayari ngeni akiwa na pumzi ya sekunde 45. Akiunda mtungi wa hewa, tatizo la pumzi linapungua, lakini anachokitafuta sasa kiko chini zaidi, penye giza. Akiunda chombo cha kuzamia, kinastahimili mita 200 na kuanza kupondeka. Akikiimarisha, bahari ina kina kingine. Kila kifaa kinafungua hofu mpya, na safari ina mwisho wa kweli. Valheim, kazi ya Waswidi watano, ilitoka Februari 2021 na kuuza nakala milioni 5 ndani ya wiki tano hivi. Yenyewe iligusa njaa kwa namna ambayo naiona ya busara kuliko zote: asiyekula hafi, ila anabaki dhaifu, na anayepika vizuri, vyakula vitatu tofauti kwa wakati mmoja, anaongezewa uhai na nguvu. Kula kukageuka maandalizi ya safari, na jiko likawa mahali pa kupanga mipango.

Valheim hiyo hiyo ilizua ubishi unaonisadikisha kuliko hoja zote nilizozitaja. Ndani yake kuna milango ya uchawi inayokufikisha mbali mara moja, lakini chuma hakipiti. Aliyekichimba kwenye vinamasi vya ng'ambo sharti akipakie chomboni na kukirudisha kwa tanga, na upepo ukimkabili inambidi akate mbisho kama nahodha wa jahazi anayepingana na kusi. Njiani kuna dhoruba, na katika dhoruba nyoka wa baharini huibuka. Wengine waliapa kwamba safari hizo ndizo kumbukumbu zao bora. Wengine waliziona ni saa zilizopotea, hasa shehena ya kumi, njia ile ile, bahari shwari. Agosti 2023 watengenezaji waliongeza chaguo la kuruhusu kila kitu kipite mlangoni, na kila kundi likapata lake. Naona pande zote mbili zilikuwa zinasema jambo moja. Shehena ya kwanza ilikuwa na uhitaji ndani yake, ya kumi ilikuwa na uzito tu.

Rust nayo, kwa ukali wake wote, ilipata dawa ambayo hakuna aliyetarajia kwamba ingependwa. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi seva zake hufutwa: ngome, makasha, kufuli, silaha, vyote vinaondoka, vya mwonevu na vya aliyeonewa. Ungedhani watu wangeikimbia siku hiyo. Ndiyo siku seva zinapofurika na foleni za kuingia zinapokuwa ndefu kuliko siku zote, na waliokuwa na kuta za chuma jana yake wanaamka ufukweni uchi, jiwe mkononi, wakiangaza macho kutafuta mti wa karibu.