kipimasauti

nm [ki-/vi-] Kifaa chenye mshale au taa kinachoonyesha kiwango cha mawimbi ya sauti ndani ya mtambo. Taz. pia kipimajoto.

Matumizi: Lisichanganywe na kipimo, yaani kadiri inayopatikana kwa kupima.

Mfano: Fundi aliongeza vipimasauti viwili kwenye kikuzasauti cha awali alichokiunda mwenyewe, kila kimoja na saketi yake yenye umeme, ili visinyonye mawimbi na kuyapotosha.

Tanbihi kwa wafasiri: Katika mita ya VU, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1939, sifuri si ukimya bali ni kiwango cha rejea, penye ukimya mshale hulala kushoto kabisa. Mwongozo ukifasiri 0 kuwa “hakuna sauti”, msomaji ataongeza sauti hadi ikwaruze.