Holga

Holga ni kamera ya plastiki inayotumia mkanda wa filamu namba 120. Ilibuniwa na Lee Ting-mo huko Hong Kong, na ilianza kuuzwa mwaka 1982. Ilikusudiwa kuwa kamera ya bei nafuu kwa familia za kawaida nchini China, lakini imejulikana duniani kwa jambo ambalo mbunifu wake hakulipanga, yaani kasoro za picha zake. Huhesabiwa miongoni mwa "kamera za kuchezea", ingawa hupiga picha halisi na si mwanasesere wa watoto. Wapiga picha wengi, hata wenye vifaa vya gharama kubwa, huitumia ili kurudia furaha ya kupiga picha bila kuhangaikia mitambo.

Jina

Jina "Holga" limetokana na maneno ya Kikantoni "ho gwong", yenye maana ya "mwanga mkali sana".

Historia

Kabla ya Holga, kampuni ya Lee ilitengeneza flashi za kamera. Biashara hiyo ilipungua wakati kamera mpya zilipoanza kuwa na flashi ndani yake, naye akaamua kutengeneza kamera. Alichagua filamu namba 120 kwa kuwa ndiyo iliyopatikana kwa urahisi China wakati huo. Muda mfupi baadaye wanunuzi wa China wakahamia kwenye kamera za filamu ya milimita 35, na soko alilolitegemea likatoweka.

Kamera hiyo ikapata wateja nje ya China, hasa Marekani na Ulaya. Huko kamera ya plastiki haikuwa jambo geni. Tangu miaka ya 1960 kamera nyingine kutoka Hong Kong, iitwayo Diana, iliuzwa kwa bei ya chini sana, na baadhi ya walimu wa upigaji picha waliwapa wanafunzi wao waitumie. Mpiga picha Nancy Rexroth wa Marekani alitumia Diana kwa picha za kitabu chake Iowa, kilichotolewa mwaka 1977. Holga ilifuata njia hiyohiyo.

Muundo

Mwili wa Holga ni wa plastiki nyepesi, na kwa kawaida lenzi yake pia ni kipande kimoja tu cha plastiki, chenye urefu wa fokasi wa milimita 60. Umbali huchaguliwa kwa kuzungusha lenzi hadi kwenye moja ya alama nne: mtu mmoja, familia, kundi la watu, au milima. Kasi ya shata ni moja, takriban 1/100 ya sekunde. Modeli ya 120N ina pia nafasi ya kuacha shata wazi kwa muda ambao mpiga picha anautaka.

Juu ya lenzi kuna swichi yenye alama za jua na wingu. Katika kamera nyingi za zamani swichi hiyo haikubadilisha kitu, kwa sababu tundu la kupitisha mwanga lilibaki na ukubwa uleule pande zote mbili.

Mkanda mmoja hutoa picha 12 za mraba, au picha 16 zikiwa za umbo la mstatili. Mpiga picha husogeza mkanda kwa mkono huku akisoma namba kupitia kidirisha chekundu kilicho mgongoni mwa kamera. Shata haikufungamanishwa na usogezaji wa mkanda. Kwa hiyo, mtu akisahau kuusogeza, picha ya pili hupigwa juu ya ya kwanza. Wengine hufanya hivyo kwa makusudi.

Sifa za picha

Picha ya Holga huwa kali kiasi katikati na hufifia kuelekea kingo, na pembe zake huwa nyeusi. Mwanga hupenya kwenye maungio ya plastiki na kuacha michirizi juu ya filamu. Watumiaji wasioipenda michirizi hiyo huziba maungio kwa utepe mweusi wa kunata, na wengine huiacha kama ilivyo. Kamera mbili za aina moja zinaweza kutoa picha zisizofanana.

Matumizi na athari

Kwa kuwa kamera ina vitu vichache vya kurekebisha, mpiga picha hubaki na kazi ya kutazama: mwanga unatoka wapi, asimame wapi, abonyeze lini. Hana kioo cha kuangalia picha aliyopiga. Ana nafasi 12 tu, na hajui amepata nini mpaka filamu isafishwe. Kusubiri huko, pamoja na uwezekano wa kushangazwa, ndiko wapenzi wa Holga wanakokutaja kuwa raha yake. Gharama ya filamu na ya kuisafisha, hata hivyo, huweza kuzidi bei ya kamera yenyewe kwa muda mfupi.

Holga imetumiwa pia katika kazi za habari. Picha ya David Burnett ya Al Gore, aliyegombea urais wa Marekani mwaka 2000, ilipigwa kwa Holga na ikapata tuzo katika shindano la wapiga picha wa habari wa Ikulu ya Marekani mwaka 2001.

Kevin Systrom, mmoja wa waanzilishi wa Instagram, alipokuwa mwanafunzi Florence, Italia, alipewa Holga na mwalimu wake badala ya kamera bora aliyokuja nayo. Instagram ilipoanza mwaka 2010 ilikuwa na picha za mraba na vichujio vya kubadilisha rangi, mambo ambayo Systrom ameyahusisha na kamera hiyo.

Kusimama na kurudi

Utengenezaji wa Holga ulisimamishwa mwaka 2015. Mwaka 2017 modeli ya 120N ilirudi sokoni, ikiwa na lenzi ya plastiki kama zamani.