Runinga kwa bei nafuu: Hesabu ya kufanya kabla ya kulipia king'amuzi

MWISHO wa mwezi unapowadia katika mtaa wa Amalemba mjini Kakamega, kama ilivyo katika mitaa mingi nchini, ada ya runinga hujikuta ikipigania nafasi na kodi ya nyumba, karo, tokeni za umeme na unga. Isipolipwa, watoto hulalamika na baba hukosa kandanda ya Jumamosi. Ikilipwa, huenda familia ikatazama stesheni tano au sita tu kati ya makumi zilizolipiwa.

Ndiyo maana watazamaji wengi wamekuwa wakitafuta njia ya kuepuka ada kubwa. Njia hizo zipo, na baadhi ni za bure kabisa. Hata hivyo, si kila kilicho rahisi huokoa pesa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, na historia ya runinga ya kulipia nchini Kenya ina ushahidi wa kutosha.

Swali la kwanza basi lisiwe king'amuzi kipi kina ada ndogo kuliko vingine. Liwe: Nyumba hii hutazama nini hasa, na kila saa inayotazamwa inagharimu shilingi ngapi?

Chukua mfano wa familia inayolipa Sh1,500 kila mwezi. Kwa mwaka, hizo ni Sh18,000. Ikiwa kinachotazamwa katika kifurushi hicho ni mechi ya Jumamosi pekee, na mengine yote ni taarifa za habari na vipindi vinavyopatikana bure, basi kila Jumamosi inagharimu takribani Sh346. Lakini ikiwa watoto hutazama katuni kila jioni na mama hufuatilia tamthilia zisizopatikana kwingine, ada iyo hiyo hugawanyika kwa saa nyingi na huenda ikawa nafuu. Familia mbili katika ploti moja zaweza kulipa ada sawa, moja ikapata faida na nyingine hasara.

<b>Ilivyoanza</b>

Hadi mwaka wa 1990, Mkenya alikuwa na stesheni moja tu ya runinga, ile ya serikali. KTN ilipoingia mwaka huo, ikawa ya kwanza ya kibinafsi. Katikati mwa miaka hiyo ya 1990, kampuni ya MultiChoice ilileta runinga ya kulipia kwa ushirikiano na Shirika la Utangazaji nchini (KBC), na kwa muda mrefu dishi la DStv juu ya paa likawa ishara ya mwenye uwezo.

Mwaka wa 2007 kampuni ya GTV iliingia sokoni kwa ada ya chini na ikiwa imenyakua sehemu kubwa ya haki za kupeperusha Ligi Kuu ya Uingereza. Mashabiki wa kabumbu waliipokea kwa shangwe na kununua madishi na ving'amuzi vyake. Januari 2009 kampuni hiyo ilifunga shughuli zake ghafla, na waliokuwa wamelipa wakabaki na vifaa visivyo na kazi.

Funzo la kisa hicho halijachakaa. Gharama ya njia mbadala si ada ya mwezi tu, bali pia kifaa kitakachobaki mikononi mwa mteja iwapo kampuni itaondoka au itapoteza haki za mechi. Haki hizo huhamahama. SuperSport, iliyokuwa ikionyesha ligi kuu ya Kenya, ilijiondoa mwaka wa 2017. Umiliki nao hubadilika: Septemba 2025, kampuni ya Canal+ ya Ufaransa ilichukua usukani wa MultiChoice. Kwa hivyo bei na vifurushi vinafaa kuulizwa upya siku ya kununua, si kukisiwa kutokana na alicholipa jirani mwaka jana.

<b>Antena kwanza</b>

Njia iliyo nafuu kuliko zote ndiyo inayosahaulika sana. Kenya ilizindua matangazo ya dijitali Desemba 2009, na mwaka wa 2015 mitambo ya analogi ikazimwa. Februari mwaka huo, Citizen, NTV, KTN na QTV zilitoweka hewani kwa takribani wiki tatu kufuatia mzozo kati ya wamiliki wake na Mamlaka ya Mawasiliano nchini (CA). Katika purukushani za kutafuta picha, wapo walionunua ving'amuzi vya kulipia bila kufahamu kwamba kulikuwa na vya bure.

King'amuzi cha bure hununuliwa mara moja na hakina ada ya mwezi. Hunasa stesheni zisizolipiwa, zikiwemo KBC, Citizen, NTV na KTN, kupitia antena ya kawaida. Si hayo tu. Runinga nyingi za kisasa zina kifaa cha kunasa mawimbi hayo ndani yake, hivi kwamba mwenye nyumba anahitaji antena na waya peke yake.

Cha kuangaliwa ni maandishi DVB-T2 kwenye kasha, kitabu cha maelezo au nyuma ya runinga. Huo ndio mfumo unaotumika Kenya. Majaribio ya awali yalitumia mfumo wa kwanza, DVB-T, kabla ya nchi kuhamia ule wa pili. Anayenunua runinga ya mitumba kutoka ng'ambo awe mwangalifu, kwa kuwa baadhi hunasa DVB-T pekee. Runinga ya aina hiyo itahitaji king'amuzi cha nje.

Antena ya ndani ya nyumba mara nyingi hushindwa chini ya paa la mabati, kwa sababu bati huzuia mawimbi. Ni afadhali iwekwe nje, juu ya mlingoti, ikielekea mnara. Njia rahisi ya kujua upande ni kutazama antena za majirani wenye picha nzuri. Baada ya kuifunga, stesheni zitafutwe upya kwenye runinga, na zoezi hilo lirudiwe kila stesheni inapopotea. Picha ya dijitali haififii taratibu kama ya analogi. Mawimbi yakipungua hukatika vipande vipande kisha hutoweka, hata mtu akadhani runinga imeharibika ilhali antena imegeuzwa na upepo.

Isitoshe, stesheni za bure huleta zaidi ya habari. Mechi za Kombe la Dunia la 2022 zilionyeshwa na KBC. Aliyelipia kifurushi ghali kwa ajili ya mashindano hayo pekee angeweza kutazama mechi zilizoonyeshwa na KBC kwa antena.

<b>Vifurushi vidogo</b>

Kwa wasiotosheka na stesheni za bure, hatua inayofuata ni vifurushi vya chini. GOtv hutumia antena, nayo StarTimes ina ving'amuzi vya antena na vya dishi. Tofauti ya ada ni kubwa mno ikilinganishwa na kifurushi cha juu cha DStv, ambacho kufikia 2024 kilikuwa kimepita Sh10,000 kwa mwezi.

StarTimes pia imekuwa ikiwaruhusu wateja kulipia siku moja au wiki moja. Mpango huo humfaa mtu ambaye mapato yake hayaji kwa mwezi, kama vile fundi, mwendeshaji bodaboda au mchuuzi. Hata hivyo, ada ya siku ikizidishwa mara 30 kwa kawaida huwa kubwa kuliko ya mwezi. Ni nafuu kwa anayetazama siku chache, na hasara kwa anayetazama kila siku.

Kabla ya kununua, mteja aulize maswali manne. Je, kifurushi hiki kina ligi ninayoitaka, tena mechi zote au baadhi tu? Ada ikiisha, stesheni za bure zitaendelea kuonekana au skrini itakuwa giza? Kifaa kikiharibika nani atakitengeneza, na wapi? Nikihama, kitafanya kazi niendako? Swali la mwisho ni muhimu kwa wapangaji na wanafunzi, kwa kuwa king'amuzi cha antena hakifai kitu mahali ambapo kampuni haina mnara.

<b>Mvua na radi</b>

Kakamega ina jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji. Eneo hili hupata mvua nyingi, wastani wa takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na aghalabu hunyesha alasiri ikiandamana na radi. Mechi nyingi za Jumamosi za Ligi Kuu ya Uingereza huanza saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni kwa saa za Afrika Mashariki, kutegemea majira ya huko. Mara nyingi mvua na mechi hukutana.

Mawimbi ya setilaiti yanayopokewa na madishi madogo hudhoofishwa na mvua kubwa, na picha ikakatika hadi mvua ipungue. Mawimbi ya antena hayaathiriki sana kwa njia hiyo. Anayelipa ada kubwa kwa ajili ya dishi ahesabu pia dakika atakazopoteza.

Radi ni hatari zaidi. Antena au dishi lililo juu ya mlingoti wa chuma laweza kuvuta umeme hadi ndani ya nyumba. Mlingoti uunganishwe na ardhi na fundi anayeielewa kazi hiyo, na ngurumo zinapokaribia, runinga na king'amuzi vichomolewe kwenye umeme, na waya wa antena utolewe. Hayo yafanywe mapema, si wakati radi iko juu ya paa. Kununua runinga nyingine kutameza akiba yote ya mwaka.

<b>Intaneti</b>

Vijana wengi wameacha runinga na kuhamia simu. YouTube haina ada, na stesheni kadhaa za Kenya huweka taarifa zake za habari humo. Netflix ilifika nchini Januari 2016, ikaanzisha huduma ya bure kwa simu za Wakenya mwaka wa 2021, kisha ikaiondoa Novemba 2023. Kisa hicho nacho chaonyesha kwamba cha bure huweza kufungwa wakati wowote.

Gharama iliyofichika hapa ni data. Video ya ubora wa kawaida hutumia takribani gigabaiti moja kwa saa, nayo ya ubora wa juu hufikia gigabaiti tatu. Mechi moja pamoja na mapumziko ni karibu saa mbili, yaani gigabaiti mbili hadi sita. Anayenunua data kidogo kidogo kwa simu aweza kujikuta ametumia pesa nyingi kuliko ada ya kifurushi cha runinga. Intaneti huwa nafuu pale nyumba inapolipia huduma isiyo na kipimo kwa mwezi, hasa ikiwa watoto wanaitumia kwa masomo na wazazi kwa kazi.

<b>Ukumbi wa video</b>

Kwa shabiki wa kandanda asiye na familia, ukumbi wa video bado ni mshindani mkubwa. Tuseme kiingilio ni Sh50. Mechi nne kwa mwezi ni Sh200, chini ya ada ya vifurushi vingi. Baba akienda na wanawe wawili, gharama hupanda hadi Sh600, bila soda wala karanga. Hapo kifurushi kidogo cha nyumbani huanza kuwa na maana, tena watoto hawatembei usiku.

Wenye kumbi nao wajue kuwa kifurushi cha nyumbani hakiwapi ruhusa ya kuwatoza watu kiingilio. Kuna vifurushi vya biashara, na maonyesho ya filamu huhitaji leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB).

<b>Waya wa jirani</b>

Njia moja isipendekezwe hata kidogo. Ni ile ya kuvuta waya kutoka king'amuzi kimoja na kuusambaza katika vyumba vya ploti kwa malipo. Mbali na kuvunja mkataba na kampuni, kusambaza matangazo ya watu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001. Aidha, nyaya hizo hupitishwa juu ya mabati pamoja na za umeme, na radi ikipiga chumba kimoja huweza kuharibu vifaa vya ploti nzima.

Wauzaji wa stesheni haramu za intaneti ni wa kundi hilo. Huahidi maelfu ya stesheni kwa ada ndogo, hupokea pesa kwa simu, na huduma ikizimwa mteja hana ofisi ya kwenda kulalamika.

<b>Hatua ya kuanzia</b>

Kabla ya kulipa ada ya mwezi ujao, familia iandike kwa wiki mbili kila kipindi kinachotazamwa na stesheni yake. Karatasi hiyo ikionyesha kuwa karibu kila kitu ni cha stesheni za bure, inunuliwe antena na ada isimamishwe. Ikionyesha kandanda pekee, kilinganishwe kiingilio cha ukumbi na malipo ya siku au wiki. Ikionyesha kwamba nyumba nzima inatazama vipindi vya kulipia kila siku, ada iendelee bila majuto, ila kwa kifurushi cha chini kabisa chenye vipindi hivyo.

Ligi za Ulaya nazo hupumzika kati ya mwisho wa Mei na Agosti. Aliyelipia kwa sababu ya mechi tu aweza kuacha kulipa Juni na Julai. Kwa ada ya Sh1,500, miezi hiyo miwili pekee huacha Sh3,000 mfukoni, na Uwanja wa Bukhungu hauko mbali kwa anayetaka kuona mpira kwa macho yake mwenyewe siku timu za hapa nchini zinapocheza.