Kutoka Lozi hadi Karatasi: Asili ya Konfeti

Katika arusi nyingi za miji yetu siku hizi, maarusi watokapo kanisani au waingiapo ukumbini hunyeshewa mvua ya vipande vya karatasi vya rangi, na mpiga picha huwa amekwisha kujiweka tayari mbele yao. Vipande hivyo huitwa konfeti. Yatupasa sisi walimu wa lugha tujiulize: desturi hii imetoka wapi, na jina lake lina maana gani? Huenda jambo hili likaonekana dogo. Walakini, ajuaye asili ya kitu ndiye awezaye kukichagua kwa busara.

Desturi ya kuwarushia maarusi ni kongwe kuliko karatasi yenyewe. Wayunani wa kale walimmiminia bibi arusi tini kavu, tende na kokwa alipofikishwa penye meko ya nyumba yake mpya. Kwa Warumi, bwana arusi ndiye aliyewatupia watoto kokwa. Wahindi hata leo huwamwagia maarusi mchele uliotiwa manjano. Waingereza nao walirusha ngano, kisha katika karne ya 19 wakashika mchele. Vitu vyote hivi vilikuwa chakula, na kila punje ilibeba dua: nyumba isikose riziki, na kizazi kiongezeke.

Sasa tulitazame jina. Neno konfeti ni la Kiitaliano, na kwa Waitaliano wenyewe si karatasi hata kidogo. Ni lozi zilizovikwa sukari. Mji wa Sulmona una sifa kwa utengenezaji wake, na wageni wa arusi hupewa lozi tano, ishara ya afya, mali, furaha, uzazi na maisha marefu. Wakati wa sherehe za kanivali watu walirushiana vitu vitamu vya namna hiyo. Kwa kuwa sukari ilikuwa ghali, walitumia mbegu za giligilani zilizopakwa sukari, na baadaye vidonge vya jasi visivyolika. Mshairi wa Kijerumani Goethe, aliyeishuhudia kanivali ya Roma mwaka 1788, aliandika habari za vita hivyo vya mzaha na mavazi yalivyochafuka kwa vumbi jeupe.

Karatasi ilikuja kwa njia isiyotazamiwa. Karibu na Milano kulikuwa na wafugaji wa viwavi wa hariri, waliotandika karatasi zenye matundu juu ya viwavi ili wapenye na kupanda kwenye majani mapya ya mforosadi. Viduara vilivyotokana na kutoboa matundu hayo vilikuwa takataka tu. Enrico Mangili anatajwa kuwa ndiye aliyeanza kuviuza mwaka 1875 ili virushwe katika kanivali. Havikuumiza mtu, wala havikugharimu sana. Hata hivyo, Waitaliano hawakuviita konfeti. Waliviita coriandoli, yaani giligilani! Mataifa mengine ndiyo yaliyolichukua jina la lozi na kuivika karatasi. Ndivyo maneno yasafirivyo: jina huvuka mpaka, na maana ikabaki nyuma.

Katika miaka ileile, ufundi wa picha nao ulibadilika. Picha za mwanzo, zilizotangazwa Paris mwaka 1839, zilimtaka mtu akae kimya kwa muda mrefu. Kitu kinachoanguka kisingeonekana. Lakini kufikia mwaka 1878, Eadweard Muybridge aliweza kupiga picha za farasi akienda mbio. Tangu hapo iliwezekana kuinasa karatasi ikiwa bado hewani. Zawadi iliyokuwa ya kinywa ikawa ya macho.

Watu wa pwani yetu walishika njia nyingine. Wao huwarashia wageni marashi kwa mrashi, na bibi arusi hupambwa kwa asumini na vikuba. Hiyo ni heshima ya pua, na harufu haiingii katika picha. Hapa ndipo penye hatari: tukiruhusu kamera peke yake ituchagulie desturi, tutabaki na yale yanayoonekana tu.

Kuna na madhara mengine. Siku hizi huuzwa konfeti za plastiki zinazometameta. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania mwaka 2019. Si vema tuirudishe plastiki ileile katika vipande vidogo visivyookoteka. Karatasi nyembamba ya rangi nayo, ikilowa mvua, huchuja na kutia madoa gauni jeupe. Ama mchele, mwaka 1985 Mae Schmidle, mbunge wa jimbo la Connecticut huko Marekani, alitaka upigwe marufuku kwa kuwa eti huua ndege. Mkulima wa Mwea au Doho ashindaye shambani akiwafukuza kwelea angecheka. Ubaya wa mchele ni utelezi sakafuni, na kutupa chakula mbele ya wenye njaa.

Basi kwa maoni yetu, petali za maua zafaa kupita vyote. Waridi na asumini hunukia, huoza zikawa mbolea, na huanguka polepole hata mpiga picha akawahi. Zirushwe juu, kutoka pande zote mbili, wala si usoni. Na jua likiwa nyuma ya maarusi, kila petali itang'aa.

Tunawaomba walimu wawaagize wanafunzi wao wawaulize wazee: zamani katika arusi za kwetu kilirushwa nini, kilimwagwa nini, na kiliitwaje? Majibu yakusanywe na kuandikwa, kabla wenye kuyajua hawajatutoka.