Tuzo ya Sayansi Huria

Tuzo ya Sayansi Huria ilikuwa shindano la kimataifa la kuhimiza matumizi ya data huria katika utafiti wa tiba na afya. Waandaaji wake walikuwa Wellcome Trust ya Uingereza na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, kwa msaada wa Howard Hughes Medical Institute. Mwaka 2016 timu 6 zilipewa dola 80,000 kila moja zitengeneze programu za majaribio. Kilichotuzwa hasa ni kuzitumia data, si kuzitoa tu. Mshindi wa dola 230,000, aliyetangazwa Februari 2017, alikuwa mradi wa Trevor Bedford na Richard Neher, Nextstrain, unaofuatilia mabadiliko ya virusi, vikiwemo vya Ebola na Zika, kwa kulinganisha jenomu zake. Kuanzia 2020 ulitumika sana kufuatilia virusi vya UVIKO-19.