Kovu la Sylvia: Kutazama Sinema ya Kimya Miaka Mia Baadaye

Kila ninapomwonyesha rafiki sinema ya kimya, nasikia malalamiko mawili. La kwanza: mbona wanaigiza kupita kiasi? Mama anashika kifua, macho yanamtoka, anaanguka kwenye kiti. La pili: hadithi yenyewe haiaminiki. Binti aliyepotea anakutana na babake kwa bahati tu, halafu anatambulika kwa kovu. Jamani, kovu?

Lalamiko la kwanza ni rahisi. Kamera za enzi hiyo zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi chini ya picha 20 kwa sekunde. Zikichezwa kwa kasi ya siku hizi ya 24, watu wote wanakuwa kama kuku waliofukuzwa. Tafuta nakala iliyorekebishwa kasi na utaona tofauti. Wala kumbi zenyewe hazikuwa kimya. Palikuwa na mpiga piano, pengine bendi nzima. Japani palikuwa na msimulizi aliyeitwa benshi, aliyesimama kando ya skrini akieleza kisa na kuwapa wahusika sauti. Sisi tunaomjua DJ Afro hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kitu kimoja tu nakuomba: weka simu nyingine kando. Tamthilia ya kawaida unaweza kuifuata kwa sikio huku unakaanga vitunguu. Hii haikubali. Ukiangalia pembeni, umepitwa.

Lalamiko la pili ndilo zito, na nataka kulijibu kwa filamu moja: Within Our Gates ya Oscar Micheaux, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Chicago mnamo Januari 1920. Ni filamu ndefu ya kale zaidi iliyosalia kati ya zile zilizoongozwa na Mmarekani mweusi.

Micheaux alizaliwa Illinois mwaka 1884. Alifanya kazi ya utumishi kwenye treni, akalima South Dakota, akaandika riwaya na kuziuza mwenyewe mlango kwa mlango. Alipoingia kwenye sinema, tayari D. W. Griffith alikuwa ametoa The Birth of a Nation mwaka 1915, filamu iliyowafanya Ku Klux Klan kuwa mashujaa na mwanamume mweusi kuwa mnyama wa kuwawinda wasichana weupe. Ilionyeshwa hadi Ikulu ya Marekani. Na Chicago yenyewe, Julai 1919, ghasia za ubaguzi zilikuwa zimeua watu 38. Ndiyo maana wakaguzi wa filamu wa jiji hilo waliikataa kazi ya Micheaux mwanzoni: waliogopa moto ungewaka tena.

Kisa ni hiki. Sylvia Landry, anayeigizwa na Evelyn Preer, ni mwalimu katika shule ya watoto weusi huko Kusini. Shule haina pesa, kwa hiyo anasafiri Kaskazini kutafuta wafadhili. Huko anagongwa na gari la mama tajiri, na huyo huyo mama ndiye anayekuja kuiokoa shule. Unaona? Sadfa ya kwanza hiyo.

Halafu, karibu na mwisho, filamu inarudi nyuma na kutufungulia maisha yake ya zamani. Mzee Landry, aliyemlea Sylvia, analima shamba la tajiri mweupe aitwaye Gridlestone. Sylvia amesoma, kwa hiyo anamwekea hesabu. Safari hii mzee anakwenda na karatasi zake kudai haki yake. Wakiwa wanabishana, mtu mwingine, mweupe mwenye kinyongo chake, anampiga Gridlestone risasi kupitia dirishani. Efrem, mtumishi mmbea, anatangaza kwamba Landry ndiye muuaji. Umati unatoka na kamba.

Efrem tumechekeshwa naye dakika chache zilizopita. Anajiona rafiki wa wazungu. Umati ukichoka kumsubiri Landry, unamnyonga yeye. Kicheko kinakwama kooni.

Kisha Micheaux anafanya jambo ambalo Griffith alisifiwa kwalo: anakata kutoka tukio moja kwenda jingine na kurudi. Upande mmoja, mzee Landry na mkewe wananyongwa. Upande wa pili, ndugu wa Gridlestone amemfumania Sylvia peke yake nyumbani na anataka kumbaka. Kwa Griffith, mbinu hiyo ilitumika kuwaleta Klan kama waokoaji. Hapa hakuna anayekuja. Kinachomzuia yule mzee ni kovu analoliona kifuani mwa Sylvia. Ni mtoto wake wa kumzaa.

Sisi tuliokua na tamthilia za Mexico kwenye runinga tunaijua mbinu hii. Alama kwenye mwili, siri ya kuzaliwa, machozi. Lakini hebu jiulize: kusini mwa Marekani, ni wasichana wangapi weusi waliozaliwa na mwanamume mweupe asiyetaka kuwataja? Karne mbili na zaidi za utumwa ziliwajaza huko. Kukutana hivyo hakukuwa bahati ya ajabu. Jambo ambalo jamii nzima ilikuwa imeapa kutolisema, melodrama ililiweka kwenye ngozi ya mtu, mahali ambapo hata asiyejua kusoma angeliona.

Angalia pia maandishi. Kadi iliyobaki inasema Sylvia alizaliwa katika ndoa halali, wakati sheria za majimbo ya Kusini zilikataza ndoa kama hizo. Nani aliandika hivyo? Nakala pekee iliyopatikana ilikuwa Uhispania, ikiitwa La Negra, na kadi zake zilikuwa za Kihispania. Maktaba ya Bunge la Marekani iliirejesha mwaka 1993, maneno yakatafsiriwa upya kwa Kiingereza. Tunachosoma leo kwa sehemu kubwa ni tafsiri ya tafsiri. Mimi, picha na kadi zikigombana, naamini picha.

Kuna kitu bado kinanikera. Baada ya kamba na kovu, daktari anayempenda Sylvia anamhutubia kuhusu askari weusi waliopigana Cuba, Mexico na Ufaransa, anamwambia ajivunie nchi yake, kisha wanaoana. Yaani umetuonyesha hayo yote, halafu harusi? Labda ndiyo bei ya kuingia ukumbini mwaka 1920. Lakini mtazame Preer wakati daktari anazungumza, uso wake peke yake. Hauonekani kama uso wa mtu aliyekwisha kushawishika.

Kati ya filamu za kimya zaidi ya 20 alizotengeneza Micheaux, zimesalia tatu. Hii inapatikana bure mtandaoni, na haifiki saa moja na nusu.