Hasara ya Mwizi Humwangukia Nani: Habari za Stempu za Chakula za Marekani

Tarehe 16 Mei 1939, katika mji wa Rochester ulioko jimbo la New York, serikali ya Marekani ilianza kuwauzia watu wasio na kazi stempu za kununulia chakula. Na kabla mwaka ule haujakwisha, mnamo mwezi wa Oktoba, mwenye duka wa kwanza alikuwa amekwisha kukamatwa kwa kuzitumia kinyume cha sharia. Miezi mitano, basi, ndiyo iliyopita baina ya kuzaliwa kwa ruzuku hii na kuzaliwa kwa hila ya kuiramba. Tangu siku zile mpaka hivi leo ruzuku na wizi vimeandamana, lakini sura ya wizi wenyewe imegeuka: aliyekuwa akiibiwa zamani ni hazina ya serikali, na anayeibiwa leo, aghalabu, ni mama aliyesimama mbele ya keshia na kapu lake limejaa, akaambiwa kwamba kadi yake haina kitu. Jinsi hasara ilivyohama kutoka hazina ikatua juu ya mabega ya masikini, na jinsi uhamisho huo ulivyoidhinishwa kwa sharia iliyotungwa na watu wenye akili timamu, ndiyo habari ninayokusudia kuieleza.

Asili ya jambo ni njaa iliyozuka katikati ya neema. Katika miaka ya dhiki ya uchumi iliyoanza 1929, wakulima wa Marekani walikuwa na mazao mengi yasiyo na bei, na mijini walikuwako mamilioni ya watu wasio na fedha ya kuyanunua. Hata mwaka 1933 serikali, kwa kutaka kuinua bei ya nyama, ikanunua na kuchinja nguruwe wachanga wapatao milioni 6, ilhali watu walikuwa wakijipanga mistari barabarani kungojea supu na mkate. Lawama zilizomfika Waziri wa Kilimo, Henry Wallace, hazikuwa haba, na katika mwaka ule ule likaundwa shirika la kukusanya ziada ya mazao na kuwagawia wahitaji. Lakini mgao wa namna hiyo uliwaudhi wafanyabiashara, kwa kuwa kila gunia la unga lililogawiwa bure ni gunia ambalo duka halikuliuza.

Stempu za Rochester zilikuwa jawabu la malalamiko hayo, na haikosi sababu kwamba msimamizi wake wa kwanza, Milo Perkins, alikuwa amewahi kuwa mfanyabiashara wa magunia huko Houston. Mtu aliyekuwa akipokea msaada wa serikali alinunua stempu za rangi ya chungwa kwa fedha yake mwenyewe, na kwa kila dola moja aliyotoa akapewa, bila malipo, stempu za buluu zenye thamani ya senti 50. Za chungwa zilinunua chakula chochote; za buluu zilinunua vile tu ambavyo Wizara ya Kilimo ilivitangaza kuwa vimezidi sokoni, kama vile siagi, mayai, unga, maharage na machungwa. Mwenye duka akauza, mkulima akapata bei, mwenye njaa akala, na kila mmoja akaona kwamba mpango ulitungwa kwa ajili yake. Hekima ya mpango ule ilikuwa hapo, na ila yake ilikuwa hapo hapo, kwani kitu kinachopita katika mikono ya watu watatu wenye tamaa tatu hakikosi kupunguka njiani. Ulidumu takriban miaka minne, ukawafikia kwa nyakati mbalimbali watu milioni 20 hivi, kisha vita vikamaliza ziada ya mazao na uhaba wa kazi kwa pamoja, ukafungwa mwaka 1943.

Miaka 18 ikapita bila stempu. John Kennedy, ambaye katika kampeni yake ya 1960 alikuwa amezunguka miongoni mwa wachimba makaa wa jimbo la West Virginia na kuyaona kwa macho yake maisha yao, aliurudisha mpango kwa majaribio alipokuwa rais. Na mwezi wa Mei 1961 familia moja ya watu 15 katika wilaya ya McDowell, jimboni humo, ikawa ya kwanza kununua stempu hizo mpya, zenye thamani ya dola 95. Mbunge Leonor Sullivan wa Missouri, ambaye kwa miaka mingi aliishikilia hoja hii bungeni bila kuchoka, hatimaye akaiona inakuwa sharia ya kudumu mnamo tarehe 31 Agosti 1964, chini ya Rais Lyndon Johnson.

Walakini sharti la kununua lilibaki, na lilikuwa sharti zito kuliko walivyodhani walioliweka. Seneta Robert Kennedy alipokwenda katika bonde la Mississippi mwezi wa Aprili 1967 alikuta nyumba zisizo na pato lolote, ambazo hata dola mbili kwa kila mtu, bei ya chini ya stempu, hazikuweza kuzipata. Na kwa hivyo msaada uliokusudiwa masikini ukawa unawapita wale walio masikini zaidi. Ilihitajiwa sharia nyingine, ya 1977, iliyopiganiwa na maseneta wa vyama viwili vinavyopingana, George McGovern na Bob Dole, ili sharti hilo liondolewe. Lilipoondoka Januari 1979, idadi ya waliopokea iliongezeka katika mwezi huo mmoja kwa watu milioni moja na nusu. Sina haja ya kutia neno juu ya hesabu hiyo.

Zama za kuponi za karatasi ndizo ambazo Wamarekani wazee wanazikumbuka kwa uchungu. Zilikuwa vitabu vidogo, kuponi ya dola moja kwa rangi ya kahawia, ya tano kwa buluu, ya kumi kwa kijani, na mwenye kuzichana mbele ya keshia alijulikana na mstari mzima uliokuwa nyuma yake. Sabuni haikununuliwa kwazo, wala sigara, wala mvinyo, wala chakula cha moto kilichokwisha kupikwa. Aliyebanwa na kodi ya nyumba aliweza kumpelekea mwenye duka asiye na haya kuponi za dola 10 akarudi na dola 5 taslimu, na huyo mwenye duka akaenda benki kudai zote kumi. Huo ndio wizi uliowakera watunga sharia, kwa kuwa aliyeliwa ni serikali. Ama mwenye kuponi aliyenyang'anywa mkoba wake njiani, huyo alihesabiwa kama mtu aliyepoteza fedha taslimu: kilichoibiwa baada ya kumfikia mkononi hakikurejeshwa.

Kadi ya kuchukua mahali pa kuponi ilijaribiwa kwanza katika mji wa Reading, Pennsylvania, mwaka 1984, na mwaka 1993 jimbo la Maryland likawa la kwanza kuieneza kila pembe. Ilikuwa ya plastiki, yenye utepe wa sumaku nyuma na namba ya siri ya tarakimu nne, na kila mwezi chakula cha mtu kiliingia humo kama mshahara unavyoingia benki. Sifa zake ni za haki, wala mimi si miongoni mwa wanaoyalilia makaratasi. Ilisitiri aibu, maana anayelipia kwa kadi hana tofauti kubwa na jirani yake. Na ikaacha athari ya kila ununuzi, hata biashara ile ya kubadilisha ruzuku kwa fedha, ambayo Wizara ya Kilimo ilikadiria kuwa mwaka 1993 ilikula karibu senti 4 katika kila dola, ikashuka katika mwongo uliofuata hadi kama senti moja. Donda la hazina likapona.

Sasa nafika mahali ambapo habari hii imefungika fundo. Mwaka 1994 Benki Kuu ya Marekani iliamua kwamba kadi hizi nazo ziingie chini ya kanuni zinazowalinda wenye kadi za benki, ambazo kwazo mtu aliyeibiwa, akitoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi baada ya kujua, hapotezi zaidi ya dola 50. Serikali za majimbo zililalamika kwamba gharama ya kurejesha itazielemea. Bunge likazisikiliza, na katika sharia kubwa ya kurekebisha misaada ya jamii iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton mwezi wa Agosti 1996, likayaamuru majimbo yote yaingie katika kadi ifikapo Oktoba 2002, na papo hapo likaziondoa kadi hizo katika ulinzi ule, likisema kwamba urejeshaji wa kilichopotea katika kadi ufanane na ulivyokuwa katika karatasi.

Msomaji na alitazame neno hili kwa makini. Karatasi huibwa kwa mkono, na mwenyewe huweza kuishika, kuificha chini ya godoro, kuifunga katika upindo wa kanga. Kilichomo katika kadi huibwa na mtu usiyemwona, aliyeko mji usioujua, ilhali kadi yenyewe umeikumbatia kifuani. Kuvitia vitu viwili hivi katika hukumu moja kulikuwa kumwambia masikini: tumekupa chombo cha zama mpya, lakini ukiibiwa tutakuhukumu kwa kanuni za zama zilizopita. Kwa miaka mingi madhara yake hayakuonekana, na majimbo yote yakawa yamekwisha kuhamia kadi ilipofika 2004. Jina la mpango likabadilishwa Oktoba 2008 kuwa SNAP, na kuponi za mwisho zikakoma kupokewa madukani Juni 2009.

Yaliyofuata yalitokana na mwendo wa mabenki. Ilipofika Oktoba 2015 makampuni ya kadi yalikwisha kuwalazimisha wafanyabiashara wa Marekani waingie katika kadi zenye chipu, kwa kuwaambia kwamba asiyefanya hivyo atabeba hasara ya udanganyifu yeye mwenyewe. Chipu hutoa alama mpya kwa kila malipo, na alama hiyo haifai kutumika mara ya pili. Utepe wa sumaku husema neno lile lile kila unapopitishwa, na mwenye kulinasa mara moja amelinasa milele. Kadi za matajiri na za watu wa kati zikavaa chipu. Kadi za chakula, ambazo hakuna kampuni iliyolazimika kulipia hasara yake, zikabaki na utepe. Na wezi, kama ilivyo tabia yao, wakauacha mlango uliofungwa wakauendea ulio wazi.

Namna yao si ngumu kuieleza. Mmoja humshughulisha keshia kwa maswali, na mwenziwe, kwa sekunde chache tu, huibandika juu ya mashine ya kulipia sura bandia iliyotengenezwa kufanana nayo, yenye kunasa utepe wa kila kadi inayopita na kila tarakimu inayobonyezwa. Habari hizo huandikwa juu ya kadi tupu. Kisha husubiriwa siku ya mgao, ambayo kila jimbo huitangaza waziwazi. Ruzuku huingia usiku, na kabla hakujapambazuka imekwisha kununua makatoni ya maziwa ya watoto wachanga, ambayo huuzwa tena kwa magendo.

Kufikia 2022 vilio vilikuwa vimezidi, na Bunge, katika sharia iliyotiwa saini tarehe 29 Desemba mwaka huo, likakubali kwamba ruzuku iliyoibwa kwa njia hii tangu Oktoba 1 irejeshwe kwa fedha za serikali kuu. Kurejesha kwenyewe kuliwekewa mipaka: mtu hakupata zaidi ya mgao wa miezi miwili, wala zaidi ya mara mbili katika mwaka wa fedha. Hata hivyo zilirejeshwa zaidi ya dola milioni 300, katika mpango uliokuwa ukiwalisha watu wapatao milioni 42, ambao wastani wa pato lao humo mwaka 2024 ulikuwa kama dola 187 kwa mtu kwa mwezi. Muda wa sharia hiyo ulikwisha tarehe 20 Desemba 2024, na haukuongezwa. Aliyeibiwa tangu siku iliyofuata amerudi katika hukumu ya 1996, isipokuwa jimbo lake limekubali kulipa kwa fedha yake.

Jimbo la California lilianza kutoa kadi za chakula zenye chipu mwaka 2025, likiwa la kwanza. Na hilo ni miaka kama kumi baada ya kadi za benki. Mimi naona kwamba chipu pekee haitoshi maadamu kifungu kile cha 1996 kingali kimesimama, kwa kuwa mwizi atabuni hila nyingine, na swali la nani abebe hasara litarudi pale pale. Haki ni kwamba aliyechagua chombo dhaifu ndiye alipie udhaifu wake, na aliyekichagua si mama mwenye kapu.

Nimeyaandika haya kwa Kiswahili nikikumbuka kwamba wako miongoni mwa wasomaji walio na ndugu zao huko, hasa Wakongomani waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nchini Tanzania, ambako unga na maharage vilipimwa mbele ya macho yao, wakafika Marekani wakapewa kadi isiyoonyesha kilichomo ndani yake. Wakimbizi wasio na ukaazi wa kudumu wameondolewa katika mpango na sharia ya tarehe 4 Julai 2025 mpaka waupate. Wenye ndugu walio na kadi bado, na wawaandikie maneno haya. Badilisheni namba ya siri kila mwezi kabla ya siku ya mgao, wala isiwe 1234 wala mwaka wa kuzaliwa. Majimbo mengi yana programu ya simu ya kuifunga kadi na kuizuia isitumike nje ya jimbo: ifungeni, mkaifungue mnapofika kwa keshia. Mkiibiwa, pigeni simu namba iliyo nyuma ya kadi saa ile ile, kisha mpeleke taarifa kwa ofisi ya misaada na mdai stakabadhi, hata mkiambiwa kwamba hakuna kitakachorejeshwa. Na mashine ya kulipia ikilegea mnapoigusa, au vitufe vyake vikiwa vimetuna kuliko desturi, msiingize kadi. Nendeni duka jingine.